Maharage yanakula makala (makaa) yote: tuyapikeje hapa Goma na Bukavu?

Mama Majengo (mwenye uzi)

Jambo wote. Swali hili linarudi kila wiki majikoni kwetu, basi tulimalize pamoja. Kilo moja ya maharage makavu, mbabula (jiko la makala) ya chuma, sufuria ya lita tano. Mbona yanachukua saa tatu, na sashe (vifuko) mbili za makala zinateketea kabla hayajalainika? Ukiuliza wakubwa, kila mmoja ana dawa yake: huyu chumvi mwisho, yule bikaboneti, mwingine kidonge cha kichwa. Naomba wanaojua waeleze kwa vipimo. "Kidogo" na "kiasi" tumeshazisikia za kutosha.

Mwalimu wa Ndosho

Mama, tuanze na mahali tulipo. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Goma inapanda kutoka hapo kuelekea volkano. Bukavu vilevile, na vilima vyake vingine vinapita 1,600. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji yanachemka kwa digrii moja pungufu. Mombasa yanachemka kwa 100. Kwetu ni 95 au chini kidogo. Unaona mapovu, unasema moto umefika. Umefika kweli, ila umefikia 95. Harage linataka joto ili ile gundi inayoshika chembe zake iachie, na digrii tano hizo zinaongeza muda kuliko mtu anavyodhani. Ndiyo maana kitabu cha mapishi cha Ufaransa kinasema saa moja na nusu, nawe hapa bado unasubiri saa mbili na nusu.

Sasa lile ambalo watu hawapendi kulisikia. Maji yakishachemka, moto mkubwa hauongezi joto lake hata digrii moja. Unaongeza mvuke tu. Maji yanapungua, unamwaga maji baridi, sufuria inapoa, unaanza upya. Gunia la makala linakwenda hapo, siyo kwenye kuivisha. Maharage yakichemka, funika, ziba mlango wa mbabula nusu au zaidi, mpaka uone mapovu madogo yanapanda upande mmoja tu wa sufuria. Juu ya sufuria weka bakuli la chuma lenye maji badala ya kifuniko: linaziba mvuke, na maji yake yanapata moto kwa bure. Hayo ndiyo ya kuongezea.

Muuza Nafaka Kadutu

Mwalimu amesema kweli, lakini nusu ya kesi hii inaamuliwa sokoni kabla mtu hajawasha moto. Harage kuukuu haliivi hata ulipigie magoti. Likikaa zaidi ya mwaka kwenye depo yenye joto na unyevu, linabadilika ndani na maji hayaliingii tena. Litambue hivi: mng'ao umekwisha, jekundu limekuwa la kahawia, la njano limekolea rangi ya chai. Ling'ate. Jipya linabonyea kidogo chini ya jino. Kuukuu linapasuka vipande vikali. Na chota kutoka chini ya gunia, siyo juu. Juu kila muuzaji anapanga mazuri. (Mimi ni muuzaji, nawaambia.)

Kosa la pili ni mchanganyiko. Mavuno ya Masisi ya msimu huu yakichanganywa na mabaki ya mwaka jana, nusu yatakuwa uji na nusu mawe, na hakuna moto utakaoyapatanisha. Nunua rangi moja, kwa muuzaji mmoja, gunia moja. Ya njano yanaiva mapema kuliko mekundu makubwa, ndiyo maana bei yake iko juu. Lakini piga hesabu ya chakula pamoja na makala, usipige ya maharage peke yake. Watu wanabishana franka mezani kwangu halafu wanazichoma nyumbani.

Ukitaka kujaribu kabla ya kununua mengi, nunua konzi moja, loweka usiku. Asubuhi yale ambayo hayajavimba kabisa, yamebaki madogo na magumu, yahesabu. Yakizidi moja kwa kumi, tafuta muuzaji mwingine.

Himbi ya Pili

Yote sawa, lakini chumvi iwekwe mwisho. Ukiweka mwanzo maharage yanakaza. Kila mama anajua.

Dada Nguba

Yaya (mkubwa wangu), kwa heshima, hapo kila mama amerithi kosa. Kinachokaza maharage ni vitu vichachu: nyanya, ndimu, siki. Uchachu unaizuia ile gundi aliyoisema mwalimu isiyeyuke. Ukitia nyanya kabla ya harage kulainika, unaweza kuchemsha mpaka jioni likabaki na moyo mgumu. Chumvi haifanyi hivyo. Chumvi ikiwa kwenye maji ya kulowekea inasaidia, kwa sababu inaondoa chokaa kwenye ngozi ya harage na ngozi inalainika bila kupasuka.

Vipimo, kwa kilo moja ya maharage makavu:

Loweka kwa lita 4 za maji na vijiko 2 vya mezani vya chumvi, saa 10 mpaka 12. Usiku wa Goma ni baridi, hayatachacha; mchana wa jua yaweke kivulini. Asubuhi mwaga maji yote, suuza mara mbili. Hapo umeondoa chumvi nyingi pamoja na sehemu ya vile vinavyojaza tumbo gesi.

Kama ulisahau kuloweka: chemsha dakika 3, epua, funika, acha saa moja, mwaga, anza upya. Haifikii loweko la usiku ila inakaribia.

Bikaboneti ni robo ya kijiko cha chai kwa nusu kilo, tena kwa maharage kuukuu tu. Ukizidisha, mchuzi unanuka sabuni, ngozi zinavuka, na vitamini B1 inaharibika. Mtu akitia kijiko kizima ili awahi, atawahi kula kitu kibaya.

Nyanya, kitunguu kilichokaangwa na mafuta ni baada ya harage kubonyezwa kwa vidole viwili na kupondeka lote. Lote, mpaka katikati.

Birere Moja

Na kidonge je? Kuna mahali wanauza maharage ya tayari, yanaiva mbio kupita kiasi.

Nesi wa Bagira

Kidonge cha parasetamoli kisiingie sufuriani. Hakiishi kwa kuchemka. Kinabaki kwenye mchuzi, na hakuna anayejua sahani ya mtoto imebeba kiasi gani. Ukizidisha parasetamoli inaharibu ini, na kuharibika huko hakuonekani siku ya kwanza. Mtoto mwenye homa aliyekwisha kupewa kidonge, kisha akala na maharage ya namna hiyo, amepewa mara mbili.

Jambo jingine ambalo halijasemwa: maharage mekundu mabichi yana sumu yake, inayotapisha na kuharisha. Inakufa kwa mchemko mkali wa dakika 10; kwetu, kwa digrii 95, nenda mpaka 20 au 30. Moto wa vuguvugu, yaani maji ya moto yasiyochemka, hauiui hata yakae humo siku nzima. Kwa hiyo mwanzo ni moto mkali, baadaye ndipo mdogo. Msichanganye mpangilio huo.

Fundi Kapu

Nesi amenifungulia mlango. Kama moto baada ya kuchemka kazi yake ni kuzuia sufuria isipoe tu, basi mtu anaweza kuizuia isipoe bila moto. Ndiyo kazi ya kapu la joto.

Chukua kapu kubwa lililofumwa, au karatoni nene, pana kuliko sufuria kwa sentimita 10 kila upande. Chini na pembeni jaza majani makavu ya mgomba yaliyokandamizwa, au vipande vya godoro, au nguo kuukuu. Majani yawe makavu kweli. Yenye unyevu yanaoza na yanapitisha joto. Tandika kitambaa juu yake ili majani yasigusane na chakula. Halafu shona mto mnene wa sentimita 10 wa kufunika juu. Wengi wanatengeneza kapu zuri wakafunika kwa kanga moja, na joto lote linatoka juu.

Kilo moja ya maharage yaliyolowekwa, na maji yafike vidole viwili juu yake. Chemsha kwa nguvu, umefunika, dakika 30. Usifungue kuchungulia dakika ya mwisho. Epua, ingiza kwenye kapu haraka, funika kwa mto. Acha saa 3 mpaka 4. Ukirudi, sufuria lazima iwe bado inachoma mkono. Kama unaweza kuishika bila shida, joto limeshuka mno, na chakula kilichokaa vuguvugu kinazaa ugonjwa: kirudishe motoni kichemke. Kikiwa moto, tia nyanya na viungo, chemsha dakika 15, basi.

Linaposhindwa, sababu ni tatu: sufuria ilijaa nusu tu (chakula kidogo hakishiki joto, jaza walau theluthi mbili), maharage hayakulowekwa, au watoto wamefungua kapu mara tano. Na lisiachwe usiku kucha. Saa 4 zinatosha.

Yaya Katindo

Kwa wenye umeme wa Matebe (kituo cha umeme wa maji) hapa Goma: sufuria ya presha ya umeme inamaliza mjadala. Ndani ya presha maji yanapita digrii 110, kwa hiyo urefu wa mlima unasumbua kidogo tu. Maharage yaliyolowekwa dakika 25, yasiyolowekwa 50. Kijitabu chake kimeandikwa kwa watu wa pwani. Ongeza kama dakika 4 kwa kila 25. Usijaze zaidi ya nusu, kwa sababu povu la maharage linaziba kivalvu. Kijiko kimoja cha mafuta kinatuliza povu. Ile mpira ya mfuniko ioshwe kila mara. Ikianza kuvuja mvuke pembeni, presha haijengeki na umeme unaisha bure.

Inasoma wati 1,000, lakini inavuta hizo mwanzoni tu, kisha inazima na kuwaka. Mpiko mmoja hauli hata nusu ya kilowati-saa.

Kadutu Chini

Yaya, Bukavu umeme ukija saa tano usiku na kuondoka saa nane, presha utaipikia nani? Sisi tubaki na kapu.

Papa Maktaba

Saa nne za kapu ni saa ambazo mama hayuko motoni. Nyumba nyingi zinazipoteza. Nashauri hivi, kwa kuwa uzi huu ni wa familia pia.

Kama ni kitabu: mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanachambua maharage ya kesho juu ya ungo. Mikono ikiwa na kazi masikio yanatulia, hasa ya wavulana. Ukurasa mmoja wa kitabu cha watoto unachukua kama dakika 2 kwa sauti. Kurasa 10 zinatosha, simamisha hadithi inapokaribia kunoga. Kitabu cha Kifaransa kwa mtoto wa miaka saba wa kwetu kisisomwe moja kwa moja. Soma aya, isimulie kwa Kiswahili, halafu rudi umsomee Kifaransa chake. Anayesoma awe mtoto mkubwa, siyo baba, baba asikilize.

Kama ni filamu: chagua isiyozidi dakika 90 na tazama dakika 10 za mwanzo peke yako. Simamisha katikati, mdogo kuliko wote aeleze kilichotokea. Akishindwa, wakubwa wanajua wamweleze, na wewe unajua filamu imemzidi.

Hesabu ya batri kwa wasio na umeme: televisheni ya inchi 32 ya LED inakula wati 40 hivi, sema 60 pamoja na kisomaji cha filamu na taa. Batri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200, ila ukiishusha chini ya nusu kila siku inakufa mapema. Tumia 600. Kibadilisha umeme kinakula sehemu yake, unabaki na saa 8 hivi. Filamu moja haiwezi kuidhuru. Kinachoua batri ni muziki wa mchana kutwa.

Mama Majengo

Aksanti papa. Sasa sombe, majani ya muhogo. Nayo inakula makala vilevile. Inaweza kuingia kwenye kapu?

Bibi wa Panzi

Sehemu yake ya pili ndiyo, ya kwanza hapana. Sikilizeni vizuri, maana sombe siyo mchicha.

Jani la muhogo lina sumu ambayo likitwangwa inajitengua na kuwa hewa, nayo hewa hiyo inatoka. Ndiyo maana linatwangwa bichi, likiwa na nguvu zake zote, dakika 10 au zaidi mpaka vishipa visionekane. Kisha litandazwe kwenye ungo kivulini, likae. Hata saa moja ni afadhali kuliko hakuna, saa tano ni bora. Ndipo chungu: kilo moja ya sombe iliyotwangwa kwa lita 2 za maji, moto mkali, bila kifuniko, dakika 20. Bila kifuniko! Ukifunika unairudisha ile hewa kwenye mchuzi. Na asiyepikia nje afungue madirisha.

Baada ya hapo funika, moto mdogo. Tia puaro (liki), kitunguu, seleri, pilipili mboga, biringanya kama unapenda. Mawese yangoje maji yapungue karibu nusu. Mililita 100 kwa kilo, yaani glasi ndogo isiyojaa. Mawese yakitangulia yanaelea juu kama kifuniko, mvuke hautoki vizuri na majani yanabaki na ukali. Chumvi mwisho kabisa, maana sombe inapungua sana na chumvi haipungui. Saa moja na robo mpaka moja na nusu.

Ukitaka kapu: fanya dakika 20 za wazi, kisha 20 za kufunikwa, ingiza kwenye kapu saa 2, toa, tia mawese, kausha motoni dakika 20. Ladha inakuwa nzuri, ila rangi inakuwa nyeusi zaidi. Mimi rangi hainisumbui.

Himbi ya Pili

Kinshasa wanababua majani kwenye maji ya moto kwanza, ndipo wanatwanga. Wote wako hai.

Bibi wa Panzi

Wako hai kwa sababu maji ya kubabulia wanayamwaga na wanachemsha muda mrefu. Lakini ukibabua kwanza, ile nguvu ya jani inayoitengua sumu inakufa kwa moto, na kazi yote inabaki kwa maji. Mtu akibabua halafu akahifadhi maji "kwa sababu yana vitamini", amekosea pande mbili. Kama ni kubabua, maji yawe mengi na yamwagwe yote.

Muuza Nafaka Kadutu

Nyongeza kuhusu ile ya kusagwa kwa mashini sokoni: inakuwa laini mno, inashika chini ya sufuria na kuungua. Maji yaongezwe robo, mwiko upite kila dakika 10. Na mwambie mwenye mashini aanze na majani yako asafishe njia, konzi hiyo ya kwanza aitupe. Hujui kabla yako alisaga nini.

Mvuvi wa Kituku

Mnapika sombe bila samaki mkisahau sambaza? Samaki huyu si wa Kivu kwa asili. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, na leo ndiye anayelisha pande zote za ziwa. Anavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo angalieni mwezi: mbalamwezi ikiwa kamili taa hazimvuti, mavuno yanashuka na bei inapanda. Nunueni nyingi usiku wa giza na mkaushe.

Mbichi: macho yang'ae, tumbo lisiwe limepasuka, maji ya beseni yasiwe mekundu. Ya kukaanga ioshwe, ichujwe, ipanguswe kwa kitambaa mpaka ikauke. Sambaza yenye maji inarusha mafuta na kuwa laini. Nusu kilo: kijiko cha chai cha chumvi, vijiko 3 vya unga wa muhogo, mafuta ya moto sana, konzi mbili mbili, dakika 3 au 4. Ukijaza sufuria yote, mafuta yanapoa na samaki wanajishika bonge moja.

Kwenye sombe tumieni kavu. Ioshwe kwa maji ya vuguvugu mara mbili kwa ajili ya mchanga, iingie pamoja na mawese.

Nesi wa Bagira

Nimerudi kwa jambo moja. Msimu wa baridi watu wanamaliza kupika halafu wanaingiza mbabula yenye makala mekundu chumbani ili walale na joto. Msifanye. Watu wa Goma wanaijua mazuku, ile hewa nzito ya volkano inayokaa mabondeni, na wengine wanafikiri kitanda kirefu kinawaokoa na ya makala pia. Ya makala ni hewa nyingine. Haikai chini, inachanganyika na chumba chote, haina harufu, na makala yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya zaidi. Mtu akiamka na kichwa kizito na kichefuchefu, atolewe nje kwanza, maswali baadaye.

Kadutu Chini

Fundi Kapu, sambaza kavu inaweza kuingia kwenye maharage ya kapu, au itayafanya yawe magumu kwa chumvi yake?

Fundi Kapu

Chumvi yake haina neno, Dada Nguba amekwisha kueleza. Ila usiiingize mwanzo, itasambaratika na kuacha miiba mchuzi mzima. Iweke zile dakika 15 za mwisho pamoja na nyanya, na usitie chumvi nyingine kabla ya kuonja.